Maji ya kisima chako yametoka wapi?

Mama mmoja wa Arua, Uganda, alinionyesha birika lake: chai nyeusi kama wino, ingawa maji yalitoka kwenye pampu yakiwa maangavu kabisa. Hicho ni chuma. Ardhini maji hayana hewa, kwa hiyo chuma huyeyuka kisionekane. Yakikaa ndooni hugeuka rangi ya kutu. Yakikutana na majani ya chai huwa meusi.

Je, chuma hicho ni cha mwamba au cha mabomba? Tunapima ndoo za kwanza za alfajiri, tunasukuma pampu kwa muda mrefu, kisha tunapima tena. Kikipungua sana, mwamba hauna kosa: maji yenye asidi yamekula mabomba ya chuma usiku kucha. Kisima kama hicho kisitelekezwe, kibadilishiwe mabomba. Inaniuma kuona watu wakirudi mtoni kwa sababu ya bomba.

Asili ya maji tunaitafuta kwa isotopu. Neno hili huwatia watu hofu, basi niseme wazi: hatutii chochote kisimani. Isotopu ni atomi za elementi moja zinazotofautiana uzito. Katika kila atomi 500 za oksijeni, moja hivi ni oksijeni-18, nzito, na haitoi mnururisho. Jua likipiga ziwa, maji mepesi hutangulia kupaa na mazito hubaki. Ndiyo maana kisima cha ufukweni kinachovuta maji ya Ziwa Victoria hutambulika. Maji ya mvua kubwa nayo huwa mepesi kuliko ya manyunyu, na huko Entebbe isotopu za mvua zilianza kupimwa miaka ya 1960.

Umri tunausoma kwa tritiamu, isotopu ya haidrojeni inayopungua nusu kila miaka 12.3. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliijaza angani, ikafikia kilele mwaka 1963. Maji yasiyo nayo kabisa yaliingia ardhini kabla ya miaka ya 1950. Yaliyo nayo ni ya juzi, na choo cha shimo kilicho upande wa juu wa mteremko kinaweza kuyafikia. Nikikuta tritiamu pamoja na naitreti, chumvi inayoweza kutoka kwenye kinyesi, zaidi ya miligramu 50 kwa lita, kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani (WHO), naanza na vyoo.

Kabla ya kujaza chupa tunamwaga maji yaliyolala bombani, hata foleni ikiwa ndefu. Tuvumilieni, na mkinge majerikeni yenu: maji hayo yanafaa kumwagilia bustani.