Daftari lisilo na majina

Mara ya kwanza kuingia kwenye kile kituo cha huduma za VVU, upande wa Kirumba, Mwanza, nilibeba boksi la fomu nikidhani nimekuja kuwafundisha watu kuhesabu. Mimi ni mtu wa takwimu za afya. Kazi yangu ni kuhakikisha mteja mmoja hahesabiwi mara mbili. Nilikuta vyumba viwili na korido, jaba la maji, runinga, ndoo ya kondomu. Mlangoni hakuna kibao. Harufu ya dagaa wa mwaloni ilikuwa imeingia hadi kwenye mafaili.

Wateja wa pale ni watu wa mapenzi ya jinsia moja. Kwenye fomu zetu wanaitwa makundi maalumu. Wao kwa wao huitana kuchu. Anayeendesha kituo, vijana humwita Anko. Aliisoma fomu mbele na nyuma, akaniuliza, "Dada takwimu, jina la mama la nini hapa?"

Nikamweleza kwa kujiamini. Hatuandiki majina, tunatunga namba ya siri: herufi mbili za jina lako, mbili za jina la mama yako, halafu mwaka wa kuzaliwa. Ukirudi baada ya mwezi, au ukienda kituo kingine, inatoka namba ileile.

"Siri kwa nani?" akasema. "Mzungu wa mradi hawezi kuifungua, sawa. Mimi namkimbia shemeji yangu. Na shemeji anamjua mama."

Sikuwa na jibu. Kwa ngono ambayo sheria inaiita kinyume cha maumbile, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30, kwa hiyo sisi wa ofisini tulikuwa tumejipanga kumficha mteja asijulikane na askari. Anko alikuwa anamficha kwa ndugu.

Wengi wakisikia "waendesha kituo" huwaza watu wa vipaza sauti na mabango. Niliowaona mimi siku zao zinaishia kwenye kodi, LUKU, na kumsindikiza kijana anayeogopa kwenda kliniki peke yake. Kuna dada anayepika chai, cheo chake hakimo kwenye bajeti yoyote. Kwa vigezo vyetu, mtu ameacha dawa za kufubaza virusi zikipita siku 28 tangu tarehe aliyopaswa kurudi. Yule dada hujua siku ya tatu: kikombe cha fulani hakijashushwa. Anamtuma mwelimishaji rika, na mtu anapatikana kabla kompyuta yangu haijashtuka.

Haya yote yalikuwa yameshapita kwenye moto. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku vilainishi, vile vinavyotumika pamoja na kondomu. Februari 2017 Wizara ya Afya ikasitisha huduma za VVU katika vituo vya aina hii vipatavyo 40 nchini. Anko alibeba kaunta buku nyumbani, akalifukia kwenye ndoo ya sembe. Kwa wiki kadhaa, anasema, alikula wali tu. Mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada, kisha ikaruhusu dawa kinga ilizogharamia, zile za kumzuia mtu asipate VVU, ziende kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao, ni yeye aliyesimama mlangoni kuwaambia vijana warudi walikotoka. Aliyeandika waraka ule hakuwa na haja ya kumtazama mtu usoni.

Lakini namba tulizibadilisha. Ofisi yangu ilikataa kwa miezi, ikisema mfumo lazima ufanane kila mkoa. Nilibishana hadi nikapewa jina baya. Wazo lilikuwa la Anko: kila mteja achague samaki wa ziwani, apewe na namba. Furu 12. Sato 40. Anaikumbuka mwenyewe, na shemeji hata akiliokota daftari atadhani ni hesabu za mchuuzi.

Kompyuta ikagoma, ilitaka herufi nne tu. Furu zinatosha, sato zinatosha. Sangara tukamkata mkia, akawa Sang. Kamongo bado tunabishana naye.