Je, wajua kwa nini postikodi ya Shetland inaanza na Z?

Ukimtumia mtu barua Lerwick, mji mkuu wa visiwa vya Shetland kaskazini kabisa mwa Uskoti, mwishoni mwa anwani utaandika ZE1. Kwa kawaida postikodi za huko hubeba herufi za jina la mji mkubwa wa eneo husika: Aberdeen ni AB, Edinburgh ni EH, Glasgow ni G tu. Katika jina Shetland hakuna Z hata moja. Imetoka wapi?

Imetoka kwenye Zetland, jina rasmi la kaunti hiyo hadi mwaka 1975. Zetland na Shetland ni jina lile lile, ila moja limepita midomoni mwa watu na jingine limepita kiwanda cha uchapaji.

Mabaharia wa Norwei waliohamia huko zaidi ya miaka elfu moja iliyopita waliviita visiwa hivyo Hjaltland. Vikabaki chini ya Norwei hadi 1469, navyo vilipotea kwa sababu ya harusi. Mfalme Christian I wa Denmark na Norwei alikuwa anamwoza binti yake, Margaret, kwa James III wa Uskoti. Huko mahari ilitolewa na baba wa binti, si na muoaji. Christian aliahidi florini 60,000: 10,000 taslimu, na kwa zile 50,000 akaweka rehani visiwa vya Orkney mwaka 1468. Taslimu yenyewe ikamshinda. Akaambulia 2,000, na kwa 8,000 zilizobaki akaweka rehani Shetland mwaka uliofuata. Rehani haikukombolewa kamwe, na mwaka 1472 Uskoti ikavitia visiwa hivyo rasmi chini ya taji lake.

Sasa makarani wa Kiskoti wakawa na jina geni la kuandika. Mwanzo wake ulikuwa sauti kama “hy”, na wao tayari walikuwa na herufi iliyokaribia sauti hiyo: ȝ, iitwayo yogi. Ukiitazama utadhani ni tarakimu 3 iliyoning’iniza mkia chini ya mstari. Wakaandika Ȝetland, na aliyesoma enzi hizo akatamka “Yetland” bila kusita.

Matatizo yalianza na mashine. Uchapaji ulifika Edinburgh mwaka 1508, na herufi za chuma walizotumia wachapaji zilikuwa za mtindo wa Ulaya bara, ambako yogi haikujulikana. Mchapaji akikutana na ȝ alichukua iliyofanana nayo zaidi kisandukuni, yaani z, ambayo katika mwandiko wa mkono wa zama hizo nayo ilikuwa na mkia. Kwa mtu mwenye kazi ya haraka, uamuzi ule ulikuwa wa busara kabisa, kwani wasomaji wake walijua z ile isomwe vipi. Waliokuja baadaye hawakujua, wakaisoma kama walivyoiona.

Zetland haikuwa peke yake. Jina la ukoo Menzies, kwa matamshi ya kale ya Kiskoti, ni kama “Mingis”. Ndiyo maana mwanasiasa Menzies Campbell, aliyeongoza chama cha Liberal Democrats mwaka 2006 hadi 2007, aliitwa Ming na kila mtu. Ngome ya Culzean huko Ayrshire nayo husomwa “Kaleni”, z ikiwa haisikiki kabisa.

Wakati makaratasi yakienda njia hiyo, vinywa vilienda kwingine. Tamka “hy” haraka haraka mara kadhaa, utaona ulimi unateleza kuelekea “sh”. Hapo ndipo ilipozaliwa Shetland.

Kwa muda mrefu majina yote mawili yaliishi pamoja, kila moja na mahali pake. Zetland ilikuwa ya wakubwa na ofisi. Ukoo wa Dundas, ulionunua mali na haki za kimwinyi huko mwaka 1766, ulipewa cheo cha Earl wa Zetland mwaka 1838. Mabaraza ya kaunti yalipoanzishwa mwaka 1890, lile la visiwani likaitwa la Zetland. Lakini gazeti lililoanzishwa Lerwick mwaka 1872 lilijiita Shetland Times, na vile vifarasi vifupi vyenye manyoya mengi vinajulikana duniani kama vya Shetland. Sijui nani angeshtuka kusikia jina rasmi ndilo lililoshindwa.

Mwaka 1975 kaunti za zamani za Uskoti zilifutwa katika utawala, na baraza jipya la visiwa likachukua jina la Shetland. Shirika la posta, hata hivyo, lilikuwa limeshamaliza kuigawia nchi nzima postikodi mwaka 1974, wakati barua za serikali bado zikisema Zetland. Kubadilisha anwani za watu wote kwa ajili ya herufi mbili kungekuwa usumbufu mtupu, basi ZE ikaachwa.

Ukifika huko, sema Shetland tu. Wageni hupenda kulitia jina hilo wingi wa Kiingereza, “Shetlands”, na wenyeji wengi hilo huwakera kuliko Z.