Je, wajua kompyuta huamuaje nani katangulia?

Tuseme boti ya Pemba imebaki kiti kimoja. Mtu yuko Malindi, Unguja, anakata tiketi. Mwengine yuko Mkoani, Pemba, anamkatia mama yake aliye Unguja. Kila ofisi ina kompyuta yake. Kiti apewe nani?

Wengi hujibu kwamba mfumo hutazama saa. Jibu hilo lina kasoro kubwa. Saa ya kompyuta huendeshwa na kipande cha kwatzi (aina ya jiwe) kinachotikisika, na kasi yake hubadilika kwa joto. Zikiachwa zenyewe, saa mbili huweza kuachana kwa sekunde nzima kwa siku. Hurekebishwa kupitia mtandao, ndiyo, lakini ujumbe wa kuzirekebisha nao huchelewa njiani, leo zaidi, kesho kidogo. Pengo halizibiki lote, na tiketi mbili zaweza kukatwa humo humo. Hata Spanner, hifadhidata ya Google yenye saa za atomiki, hukadiria saa hizo zaweza kukosea kwa kiasi gani, kisha husubiri muda huo upite.

Leslie Lamport, mwanahisabati wa Marekani aliyezaliwa 1941 na kupata Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta, ya 2013, aliiweka saa pembeni. Makala yake ya 1978 inatumia wazo linalofanana na la Einstein: matukio mawili yasiyoweza kuathiriana hayana lazima ya kuwa na la kwanza na la pili.

Wafikirie masheha wawili wanaoandikiana, kila mmoja akitia namba kila jambo daftarini mwake. Wa Unguja anatuma barua namba 13. Wa Pemba yuko namba 5. Akiipokea, haandiki 6; anaruka hadi 14. Basi jibu lake, litoke lini litokalo, litakuwa na namba kubwa kuliko barua iliyolileta. Tokeo halitangulii chanzo chake kamwe, na hakuna aliyetazama saa. Ni kanuni fupi mno kwa kazi nzito kiasi hicho! Kompyuta nazo hufanya hivyo: kiti hupata mwenye namba ndogo, na namba zikilingana, huamua jina la mashine, kwa mpango uliokubaliwa mapema.

Ila namba ndogo peke yake haithibitishi kwamba jambo lilitangulia. Namba 8 ya Pemba na 20 ya Unguja huenda hazijawahi kusikiana. Kwa hiyo anayepata kiti si lazima awe ndiye aliyebonyeza mwanzo. Muhimu ni ofisi zote mbili zitaje jina lile lile.

Tena njia hii hudai kila mashine isikike kabla ya uamuzi, na moja ikizima, zote hukwama. Kwa hilo Lamport alibuni njia nyengine, iliyochapishwa 1998 kwa jina la kisiwa cha Ugiriki, Paxos: kati ya mashine 5, zikikubaliana 3, kiti kimepata mwenyewe.