Nembo ya kilimo hai haisemi maziwa ni mabichi

Wiki hii mtu wa tatu ameniuliza kwa nini maziwa yake ya kilimo hai yamepasteurishwa, yaani yamepashwa joto kuua vijidudu, akiamini kwamba amedanganywa. Hakudanganywa. Nembo hiyo hueleza ng'ombe alivyolishwa, alivyofugwa na alivyotibiwa; joto linalopitishwa kwenye maziwa baada ya kukamuliwa ni suala jingine, na nyuzi 72 kwa sekunde 15 huua vijidudu vya brusela na kifua kikuu bila kuuliza ng'ombe alikula nini. Huko Marekani, maziwa mengi ya kilimo hai hupashwa joto kali zaidi kuliko ya kawaida, kwa kuwa husafirishwa mbali na hukaa dukani muda mrefu.

Malisho nitayapitia haraka: kanuni za Marekani hudai ardhi ikae miaka 3 bila mbolea za viwandani wala viuatilifu vilivyokatazwa, na ng'ombe achungwe malishoni siku zisizopungua 120 kwa mwaka.

Kinachoniudhi zaidi ni kusikia kwamba maziwa haya ndiyo pekee "yasiyo na antibiotiki". Ya kawaida nayo hayaruhusiwi kuuzwa yakiwa na mabaki yanayozidi kiwango: maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa hutengwa hadi muda wa kusubiri, yaani siku za dawa kumtoka mwilini, uishe. Tofauti iko zizini. Marekani, ng'ombe wa kilimo hai akipewa antibiotiki mara moja tu, maziwa yake hayauzwi tena kwa nembo hiyo. Umoja wa Ulaya humruhusu kutibiwa, kwa idadi maalumu ya matibabu kwa mwaka, ila muda wa kusubiri huwa maradufu. Kanuni ya Marekani inakataza pia kumnyima mnyama dawa kwa ajili ya kulinda nembo, lakini mbele ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, na mfugaji akipiga hesabu ya hasara kimoyomoyo, siamini kwamba katazo hilo hushinda kila mara. Mimi ningechagua njia ya Ulaya, ingawa najua wenzangu watanisuta.

Kuhusu omega-3, aina ya mafuta inayosifiwa kwa afya, ni kweli kwamba maziwa ya kilimo hai mara nyingi huwa nayo zaidi, ila sifa hiyo ni ya majani mabichi. Ng'ombe asiye na nembo yoyote, akishinda malishoni, atatoa mafuta ya namna hiyohiyo. Mwenye nembo akiongezewa nafaka, omega-3 hupungua.