Pigo la nne, anapoangukia mchezaji wa vogi

Ukitaka kuuelewa muziki wa bolurumu, yaani wa kumbi za mashindano ya vogi, uchezaji wa mapozi, acha melodi kwanza. Hesabu: moja, mbili, tatu, kishindo. Moja, mbili, tatu, kishindo. Kila pigo la nne toazi linapasuka, na hapo ndipo mchezaji wa vogi anapojitupa chali, mguu mmoja umekunjwa chini yake, mwingine uko hewani. Hiyo ndiyo dipu. Akiwahi au akichelewa kidogo tu, ukumbi mzima unajua.

Kishindo hicho kimetoka kwenye The Ha Dance, wimbo wa mwaka 1991 wa Masters at Work, yaani Louie Vega na Kenny Gonzalez wa New York. Sauti ya "ha" waliikata kwenye filamu ya vichekesho ya 1983, Trading Places. Waliougeuza kuwa mhimili wa vogi ni Wamarekani weusi na Walatino, wapenzi wa jinsia moja na watu waliobadili jinsia, waliojijengea kumbi zao Harlem kwa sababu kwingine hawakupewa nafasi. Hilo lisisahaulike kila tunapoucheza muziki huu.

Kabla yake walicheza disko, hasa Love Is the Message ya bendi ya MFSB. Ule ni muziki unaoteleza, unafaa mapozi ya mistari iliyonyooka ya vogi ya zamani. Madonna alikuja na wimbo wake Vogue mwaka 1990, dunia ikajua jina la vogi, lakini kishindo hakimo. Baadaye DJ Vjuan Allure akaisuka upya "ha", kavu na kali zaidi, na DJ mwenzake MikeQ wa New Jersey akaiendeleza.

Juu ya biti anapanda MC. Haimbi. Anarusha silabi fupi fupi kumfuata mchezaji, mkono kwa mkono, hatua kwa hatua, ulimi wake ukawa ngoma ya pili. Msikilize Kevin JZ Prodigy, ambaye sauti yake imo hata kwenye albamu ya Renaissance ya Beyoncé ya mwaka 2022.

Mimi ni mtengeneza biti, na biti yangu ya kwanza ya aina hii niliisheheneza vinanda. Rafiki yangu anayecheza vogi aliisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Kaka, umenijazia nyumba vitu, mimi nipite wapi?" Nikazima kila kitu, nikabakiza ngoma, toazi na "ha". Akavua viatu. Dipu yake ya kwanza ilitua juu ya pigo la nne, na sakafu ya studio ikaitika.