Mirathi ya Mazzini na Warithi Wasiopatana

Mwaka 1844 mkimbizi mmoja wa Kiitaliano aliyekuwa akiishi London alianza kushuku kwamba barua zake zinafunguliwa njiani. Hakukimbilia posta kulalamika. Aliwaomba marafiki watie ndani ya bahasha chembe za mchanga, unywele mmoja au miwili, na mbegu za popi, ambazo ni ndogo kuliko ufuta. Barua zikafika zimefungwa vizuri, lakiri mahali pake, ila mchanga na nywele havimo.

Mkimbizi huyo ni Giuseppe Mazzini. Mwezi Juni mbunge Thomas Duncombe alilifikisha suala hilo bungeni, ikabainika kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Sir James Graham, ndiye aliyeidhinisha barua zifunguliwe. Waingereza wakachachamaa. Wengine wakawa wanaandika kwa kejeli juu ya bahasha zao kwamba barua hii “isigrahamiwe”. Ofisi ya siri iliyokuwa ikisoma barua za kigeni ikafungwa.

Naanza na kisa hiki kwa sababu wanafunzi wengi ninaowapokea wanamjua Mazzini kama jina katika orodha ya mtihani: Cavour, Garibaldi, Mazzini, waliounganisha Italia. Basi. Kumbe Italia iliyozaliwa mwaka 1861 hakuikubali kabisa. Ilikuwa ya mfalme, naye alitaka jamhuri. Mwaka 1866 wapigakura wa Messina walimchagua kuwa mbunge, Bunge likaufuta uchaguzi huo, kwani hukumu ya kifo aliyopewa mwaka 1833, bila mwenyewe kuwepo, ilikuwa haijafutwa.

Alizaliwa Genoa mwaka 1805, mtoto wa daktari, akasomea sheria. Ujanani alijiunga na Carbonari, chama cha siri chenye viapo na madaraja, ambamo mwanachama wa chini hakujua wakubwa wake wanataka nini hasa. Alikamatwa, akafungwa katika ngome ya Savona, kisha akaenda uhamishoni. Akiwa Marseille mwaka 1831 alianzisha Italia Changa, na hapo ndipo ninapokawia darasani. Majina ya wanachama yalifichwa, lakini lengo liliwekwa hadharani: Italia moja, huru, ya jamhuri. Vijana walitoa ada na kusoma gazeti la chama, lililovushwa mpaka kwa magendo ndani ya shehena za meli. Kwanza watu wafundishwe, halafu ndipo wainuke. Leo hatuoni ajabu chama cha ukombozi kikiwa na tawi la vijana, kadi, ada na gazeti. Wakati ule ilikuwa jambo geni.

Maasi yenyewe yalishindwa moja baada ya jingine, na vijana wengi walikufa. Rafiki yake Jacopo Ruffini alijiua gerezani. Hata Jamhuri ya Roma ya mwaka 1849, aliyoiongoza na wenzake wawili kwa takriban miezi mitatu, ilitangaza katiba yake wakati jeshi la Ufaransa linaingia mjini. Katiba hiyo ilikuwa imefuta adhabu ya kifo.

Kitabu chake kuhusu wajibu wa binadamu, cha mwaka 1860, aliwaandikia wafanyakazi wa Italia. Hoja yake ni kwamba anayedai haki tu atatulia akishapata yake, na jirani yake atabaki vilevile. Wajibu ndio unaowafunga watu pamoja, na wajibu wa kwanza ni kwa wanadamu wote, taifa likiwa njia ya kuwafikia.

Aliyeacha maneno mapana hivyo hakosi warithi wa kugombana. Mwaka 1907 Savarkar, mwanaharakati wa Kihindi aliyepinga utawala wa Waingereza, alitoa tafsiri ya Kimarathi ya maandishi ya Mazzini, akichota humo siri ya kupanga uasi wa silaha. Gandhi alikuwa ameshamsifu Mazzini mwaka 1905 katika gazeti lake la Afrika Kusini. Mwaka 1909 akageuza hoja: Waitalia wamewafukuza Waaustria waliokuwa wakiwatawala, lakini alichokitaka Mazzini, kila mtu ajitawale nafsi yake, hawajakipata. Wahindi wawili, mzee mmoja, kila mmoja akaondoka na fungu lake.

Na fungu la aibu lipo. Mwaka 1871, karibu na kufa, mtetezi huyu wa mataifa yanayoonewa aliandika kwamba Italia inapaswa kuelekeza macho Tunis na Tripoli. Mwafrika hakuhesabiwa kuwa na taifa. Sisi wa mwambao tunajua Waitalia walivyofika: mwaka 1892 Sultani wa Zanzibar aliwakodisha bandari za Benadir, pwani ya Somalia, Barawa ikiwemo. Sisemi Mazzini ndiye aliyewatuma. Ila nikimfundisha siwezi kuliruka andiko lile.

Jamhuri aliyoitaka ilikuja Juni 2, 1946, kwa kura kama milioni 12.7 dhidi ya milioni 10.7 za waliotaka mfalme abaki. Kifungu cha 2 cha katiba yake kinataja haki zisizoondoleka na wajibu wa mshikamano ndani ya sentensi moja.

Kabla ya hapo Waitalia wenyewe walikuwa wamenyang’anyana jina lake. Giovanni Gentile, mwanafalsafa wa Mussolini, alimwita nabii wa dola ya kifashisti. Lakini Mazzini alipofariki Pisa Machi 10, 1872, akijificha kwa jina la George Brown, alikuwa amehifadhiwa katika nyumba ya ukoo wa Rosselli. Ukoo huohuo ndio uliowazaa ndugu wawili, Carlo na Nello, wapinzani wa ufashisti. Nello alikuwa mwanahistoria. Kitabu chake cha mwaka 1927 kilimhusu Mazzini. Mwaka 1937 yeye na kaka yake waliuawa pamoja barabarani huko Ufaransa.