"Moyo ulisimama" si sababu ya kifo

Wengi wakisoma kwenye takwimu za taifa kwamba nimonia iliua watu kadhaa mwaka fulani, hudhani nyuma ya kila namba kuna daktari aliyeupima mwili. Sivyo. Nchini Kenya, kifo cha nyumbani huripotiwa kwa naibu chifu, na sababu huandikwa kama familia inavyoeleza: homa, kifua, "ghafla tu". Kibali cha mazishi kinatoka, mzee anazikwa.

Hospitalini nako kuna mapengo. Cheti kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hutaka mlolongo mzima: kilichomuua mwishoni, kilicholeta hicho, hadi chanzo chenyewe. Takwimu huhesabu chanzo. Sasa mgonjwa wa kisukari figo zimefeli, amefariki, na daktari aliyechoka anaandika "moyo ulisimama". Kisukari kimepotea hesabuni. Na ni maiti gani ambaye moyo wake haukusimama?

Ndiyo maana watafiti wa Kilifi, Kenya, na Ifakara, Tanzania, huwahoji ndugu wa marehemu kuhusu dalili, kisha madaktari au kompyuta hukadiria ugonjwa. Ajali hutambulika kwa urahisi; malaria ya mtoto huchanganywa na homa nyingine.